Kisukari Baada ya Kupandikizwa Figo: Sukari ya Asubuhi Peke Yake Haitoshi

Wengi hupata habari hii wakati ambao hawakuitegemea kabisa. Kidonda cha upasuaji kimepona, dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) imekwisha, mkojo unatoka vizuri, kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi, inashuka kila wiki. Kisha majibu ya damu yanarudi na ugonjwa mpya ambao mtu hajawahi kuwa nao: kisukari. Kama daktari wa figo, swali ninaloulizwa siku hiyo huwa moja: "Daktari, hiki nacho kimetoka wapi?"

Kwa sehemu kubwa kimetoka kwenye dawa zilezile zinazoilinda figo mpya isikataliwe na mwili. Prednisoloni hulifanya ini limwage sukari zaidi kwenye damu, na misuli ikawa mizito kuitikia insulini. Takrolimasi hudhoofisha seli za kongosho zinazotengeneza insulini yenyewe. Kwa hiyo insulini inapungua, na hiyo kidogo iliyopo haifanyi kazi sawasawa. Juu ya hapo kuna umri, uzito, kisukari cha kwenye ukoo na virusi vya homa ya ini C.

Kuna sababu nyingine ambayo wagonjwa wachache huelezwa. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyovunja insulini. Figo zinapokufa, insulini hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Figo mpya ikianza kazi inaiondoa insulini haraka, tena yenyewe hutengeneza sukari kiasi. Kwa baadhi ya watu, basi, kisukari kilikuwa kinanyemelea siku nyingi na ugonjwa wa figo ulikificha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Prednisoloni humezwa asubuhi, na sukari inayoletwa nayo hupanda kuanzia mchana, hufika juu alasiri na jioni, halafu usiku inashuka. Ukipima alfajiri kabla ya kula utakuta namba nzuri na utarudi nyumbani na moyo mweupe. Mama mmoja alikuja kliniki na daftari lake limeandikwa kwa unadhifu mkubwa, ukurasa mzima wa saa kumi na mbili asubuhi, kwa milimoli kwa lita: 5.2, 5.6, 4.9, 5.4. Lakini alikuwa anaamka usiku kukojoa kila mara, na kiu haikuisha. Nikamwomba apime pia saa kumi alasiri. Namba zikaja 13.8, 15.1, 12.6. Kimashine kilekile, kidole kilekile, mtu yuleyule.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Kabla ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kufanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kuufanya mwaka uliofuata, wagonjwa wetu wengi walipelekwa India. Leo wapo wanaopandikizwa hapahapa na kurudi mikoani kwao, na anayewapima sukari huko ni kliniki ya kisukari ya kawaida, inayopima asubuhi watu wakiwa hawajala. Utaratibu huo ni mzuri kwa kisukari cha kawaida. Kwa mtu wetu hautoshi. Mwambie muuguzi wako: mimi natumia prednisoloni, naomba sukari yangu ipimwe pia saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha usiku.

Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) nacho kisiaminiwe haraka katika miezi ya mwanzo. Kinategemea umri wa chembe nyekundu za damu, na mtu aliyetoka kwenye upungufu wa damu, aliyeongezewa damu au anayechomwa sindano za kuongeza damu ana chembe changa nyingi. Jibu litatoka chini kuliko ukweli. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili: 11.1 au zaidi ni kisukari. Nacho tunasubiri hali itulie, dozi za dawa zishuke, ndipo tukipe mtu jina la ugonjwa.

Kutibu hatusubiri. Siku za mwanzo, sukari ikiwa juu, insulini ndiyo dawa ninayoitegemea, na kuanza nayo hakumaanishi kwamba utachoma maisha yako yote. Insulini ya muda wa kati, ile nyeupe kama maziwa ambayo chupa yake unaiviringisha viganjani kwanza, ikichomwa asubuhi pamoja na kumeza prednisoloni, nguvu yake hupanda saa zilezile sukari inapopanda. Inapendeza zinavyokutana.

Hatari inakuja prednisoloni inapopunguzwa. Daktari anashusha kutoka miligramu 20 hadi 15, hadi 10, lakini hakuna aliyegusa insulini. Mtu anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, maneno yanamchanganyikia. Kila dozi ya prednisoloni ikishushwa, uliza papo hapo: na insulini yangu je? Usiondoke chumba cha daktari bila jibu. Dalili hizo zikikupata, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula. Figo ikipungua kazi nayo hufanya insulini ikae zaidi mwilini, kwa hiyo sukari inayoanza kushukashuka bila sababu ni ya kwenda kupima kreatinini.

Vidonge vina nafasi yake hali ikitulia. Metfomini inafaa kama figo inachuja vya kutosha. Uchujaji (eGFR kwenye majibu ya damu) ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika haitumiki. Linagliptini haihitaji kubadilishwa dozi kwa ajili ya figo. Glibenklamidi siipendi kwa watu hawa, inashusha sukari kwa muda mrefu mno.

Lisilofanyika kamwe ni kuacha takrolimasi au kuimeza nusu kwa sababu umesikia ndiyo inaleta sukari. Sukari tunaweza kuirudisha chini. Figo iliyokataliwa na mwili ni vigumu kuirudisha. Kama dawa inahitaji kubadilishwa, ataibadilisha daktari wa upandikizaji baada ya kupima kiwango chake kwenye damu, kipimo kinachochukuliwa asubuhi kabla hujameza dozi. Erithromaisini ya bakteria na flukonazoli ya fangasi hupandisha kiwango hicho, balungi pia. Rifampisini ya kifua kikuu inakishusha sana. Na mitishamba ya "kumaliza sukari" inayouzwa stendi na mitandaoni, niwaombe kwa moyo wote, iacheni. Hakuna anayejua imechanganywa na nini.

Chakula ni kigumu, na nakielewa ugumu wake. Mtu alikatazwa ndizi, nyanya na machungwa kwa miaka, maji akapimiwa kwa kikombe; leo amefunguliwa, na prednisoloni inamtia njaa isiyoisha. Ninaanza na vinywaji: soda, juisi ya dukani, chai yenye sukari. Ukiviondoa hivyo, namba za alasiri mara nyingi hushuka ndani ya siku chache. Halafu ugali upungue sahanini, mchicha na maharage viongezeke, kwa kufuata majibu yako ya potasiamu, yale madini yaliyofanya ukatazwe ndizi. Kutembea nusu saa baada ya chakula cha mchana kunasaidia kuliko kutembea alfajiri, kwa sababu ndiyo saa sukari inapopanda. Wanaotaka kufunga Ramadhani waje mapema, si wiki ya mwisho ya Shaabani: insulini na takrolimasi ya kila saa 12 vinahitaji kupangwa upya, na kwa figo changa mara nyingi nitasema usifunge mwaka huu.

Na ndugu aliyetoa figo asisahaulike. Mkiwa wa tumbo moja, anaweza kuwa na kisukari cha ukoo kilekile, naye amebakiwa na figo moja. Kila mwaka apime sukari, presha, kreatinini na protini kwenye mkojo, hata kama anajisikia mzima kabisa.