Mgonjwa akikuchafua Google, unajibu nini?

Zamani hapa Dodoma ukitaka kumjua daktari mzuri ulimuuliza shangazi, jirani au mwenzako wa kwaya. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, mji umejaa watu wasio na shangazi Dodoma. Mtumishi aliyeripoti juzi kwenye ofisi za Serikali kule Mtumba, mwanawe akichemka usiku mtaani kwao Kisasa, anafungua ramani ya Google, anatazama nyota, anasoma maoni mawili matatu, kisha anaita bajaji. Nami nina zahanati mjini hapa, kwa hiyo maoni hayo yananihusu, nipende nisipende.

Madaktari wenzangu wakiniuliza kuhusu maoni mabaya, wengi wanataka kujua yanafutwaje. Hayafutiki kirahisi. Google huondoa yanayovunja masharti yake: matusi, matangazo, maoni ya kughushi, au ya mfanyakazi wako wa zamani anayemalizia hasira zake. Haiyaondoi kwa sababu tu wewe na mgonjwa mnabishana nani mkweli. Unaripoti, unasubiri, na mara nyingi unabaki nayo.

Hatari kubwa iko kwenye kujibu. Chukua maoni kama haya: “Nimelipia kipimo, daktari kasema sina malaria, kanirudisha nyumbani na panadol. Wezi wakubwa.” Kitabibu daktari huenda alikuwa sahihi kabisa. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria chache nchini, na mwongozo wa Wizara ya Afya ni kupima kwanza, dawa apewe aliyekutwa na vimelea. Mkono unakuwasha uandike: “Dada, kipimo chako kilikuwa hasi, wewe shida yako ni UTI.” Hapo umeshamwaga siri. Yeye kujitangaza hakukupi wewe ruhusa ya kumtangaza. Hata “tunakukumbuka, ulikuja Jumatatu” ni kuthibitisha kwamba ni mgonjwa wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kule Marekani, mwaka 2019, kliniki moja ya meno ya Dallas ililipa dola 10,000 baada ya kuanika habari za wagonjwa ikijibu maoni yao mtandaoni.

Mimi ningejibu hivi: “Asante kwa kutuandikia. Hapa hadharani hatuzungumzii habari za mtu yeyote, awe ametibiwa kwetu au la. Utaratibu wetu ni kutoa dawa ya malaria baada ya kipimo kuonyesha vimelea, kama Wizara ya Afya inavyoelekeza. Tungependa kukusikiliza; tafadhali piga namba ya zahanati na umuulizie mganga mfawidhi.” Mlalamikaji huenda asirudi kuyasoma. Atakayesoma ni yule wa Kisasa, na anachotafuta ni kama wewe ni mtu wa kusikiliza au wa kugombana. Andika kesho yake. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na usiku ule ule wewe nawe hutachagua lako.

Halafu yasome maoni yote kwa mfululizo. Utaona mengi hayagusi tiba. Ni foleni, ni “mfumo umegoma”, ni mwenye kadi ya bima kuambiwa kwenye dirisha la dawa, baada ya kukaa asubuhi nzima, kwamba dawa ile bima hailipii. Mgonjwa hana namna ya kukagua dozi yako, ila anajua ulivyomsemesha. Na mara nyingi mwandishi siye mgonjwa. Bibi aliyetoka Chamwino haandiki Google. Anaandika mjukuu, na kilichomuuma ni kwamba binti wa mapokezi alimwita bibi yake “wewe mama wa kikapu”, bila hata shikamoo. Hapo usibishe, kaa na mapokezi. Ila kumbuka pia kwamba ukimweleza mjukuu huyo ugonjwa wa bibi, siri umempa mtu mwingine kabisa.

Wapo wanaokimbilia kutishia polisi. Ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, lakini barua ya vitisho kwa mgonjwa aliyelalamikia foleni itapigwa picha na kuzunguka magrupu ya WhatsApp kabla hujamaliza chai. Tuhuma nzito, kama rushwa, kushikwashikwa au kifo, ni suala jingine: hifadhi ushahidi, ita mwanasheria, na mwelekeze mlalamikaji kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa ajili hiyo. Ukiwa hospitali ya umma, acha kitengo cha mawasiliano kijibu, si wewe kwa akaunti yako.

Kuwaomba wagonjwa maoni si kosa, ila usiwape punguzo wala zawadi. Masharti ya Google yanakataza. Wala usiwaambie manesi wakuandikie nyota tano. Mji huu bado mdogo, majina yao yanajulikana.

Na ukague ukurasa wa zahanati yako umesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Kurasa nyingine zilifunguliwa na kijana wa kompyuta aliyeshahama, nyingine na mpita njia tu, na bila kudai umiliki huwezi kujibu kama kituo hata neno moja.