Ananunua au Anatazama Tu? Dhana Potofu za Udalali wa Nyumba Mombasa

Miaka michache nyuma nilikuwa na nyumba ya kuuza Bamburi. Siku moja walikuja wateja wawili. Wa kwanza alishuka kwenye gari kubwa jipya, akapiga picha kila chumba, akausifu upepo wa bahari na kuahidi kunipigia kesho yake. Wa pili alishuka kwenye matatu, amevaa kikoi na malapa. Nilimpa dakika 10. Ndiye aliyeinunua nyumba ile, lakini kwa mkono wa dalali mwengine, kwa sababu mimi sikumfuatilia.

"Gari na mavazi husema yote." Hayasemi. Gari laweza kuwa la kukodi au la kazini, na wapo wenye maduka mjini humu wanaokwenda kazini kwa tuktuk. Kilichopaswa kunizindua siku ile ni maswali ya yule wa kikoi.

"Anayeuliza sana anakupotezea muda." Aliuliza maji ni ya bomba au ya kisima, kisha akayaonja kama yana chumvi. Akapapasa ukuta wa upande wa bahari, akatazama nondo za madirisha zimeliwa na kutu kiasi gani. Halafu akauliza swali ambalo kwetu Mombasa lina uzito wake: "Nauziwa nyumba na ardhi, au nyumba peke yake?" Wenyeji wanalijua jambo hili. Majengo na Kisauni, kwa mfano, zipo nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Huilipia kodi ardhi iliyo chini ya kuta zake. Mtazamaji hana haja ya kujua hayo. Lakini anayeomba nakala ya hati miliki akafanye searchi ofisi ya ardhi, yaani ahakikishe mwenye mali ni nani, au anayeuliza kama fleti ina hati yake yenyewe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2020, huyo ashaanza kujiona ndani.

Dalili nyingine ni kurudi. Akija mara ya pili na mkewe au mamake, na mama akawa anapima kwa macho pa kuweka kabati, acheni simu nyingine zote.

"Anayeteta bei hana pesa." Mimi hunitia shaka yule anayekubali bei ya kwanza bila neno.

"Wa taslimu ni wa uhakika, wa mkopo ni msumbufu." Mkopo huchelewesha, ni kweli. Lakini mwenye barua ya benki inayotaja kiwango alichokubaliwa, mapato yake yameshachunguzwa na watu ambao kazi yao ni hiyo. Na Muislamu anayekataa riba msimhesabu kuwa hana njia. Benki za Kiislamu zipo Kenya tangu mwaka 2008, na hufadhili nyumba bila riba. Ama fedha za mkobani, sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha inatuhusu sisi mawakala pia. Asiyetaka kutoa kitambulisho si mteja wa kukimbiliwa.

Mimi huwatajia wote ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huilipa serikali: asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini. Kwa nyumba ya shilingi milioni 8 ni shilingi 320,000 juu ya bei, mbali na ada ya wakili. Mwenye nia aghalabu ashazipigia hesabu. Mgeni asiye raia naye humwambia mapema kwamba Katiba, ibara ya 65, inamruhusu kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99 tu. Akiendelea kuuliza baada ya hapo, ninamfuatilia.

"Akishatoa arbuni mkononi, amejifunga." Hapa ndipo wengi huumia. Sheria ya Kenya yataka mauzo ya ardhi yawe na mkataba wa maandishi, uliotiwa saini na kushuhudiwa. Shilingi 50,000 mkononi mwa dalali hazimfungi mtu, na huzaa ugomvi zikidaiwa. Desturi yetu ni mnunuzi kulipa asilimia 10 ya bei siku ya kutia saini, kupitia wakili, na salio ndani ya siku 90. Kwa hivyo badala ya arbuni mimi huuliza: "Wakili wako ni nani, ndugu yangu?" Mwenye nia hunitajia jina, au huomba siku mbili amtafute. Siku ya tatu mimi ndiye ninayepigiwa simu.