Mwacheni achague kitabu mwenyewe

Kuna tukio ambalo sisi wakutubi wa sehemu ya watoto tumelizoea hadi tunaweza kulitabiri. Mtoto anatoka mbio kwenye rafu, amekumbatia kitabu chenye picha ya nyoka jaladani. Mzazi anakipokea, anapekua kurasa mbili tatu, anauliza, "Hiki si uliazima juzi tu?" Kisha anakirudisha na kumchagulia kingine, kinene zaidi, chenye picha chache, cha "kumjenga". Mtoto anakubali, maana hana la kufanya. Wiki mbili baadaye kitabu kinarudi kwa wakati, safi kabisa.

Usafi huo ndio unaotuambia. Kitabu kilichosomwa kina dalili zake. Kisimamishe mezani kwa mgongo, kiachie: kitafunguka chenyewe pale palipofunuliwa mara nyingi. Kile cha nyoka hufunguka kwenye picha ya chatu anayemeza swala, na pembeni mwa ukurasa kuna alama za vidole vya watoto wasiopungua kumi. Kile kinene kinabaki kimejifumba.

Nimeanza na hilo kwa sababu swali tunaloulizwa na wazazi kuliko yote ni hili: "Mwanangu hapendi kusoma, nifanyeje?" Ukimdadisi mzazi kidogo, mara nyingi unagundua kwamba mtoto huyo hajawahi kuchagua kitabu hata siku moja. Cha shule kachaguliwa na mwalimu. Cha nyumbani kanunuliwa kwa kuwa kinafundisha adabu. Cha maktaba kachaguliwa palepale kaunta, kwa namna niliyoeleza. Hata mtu mzima angechoka.

Kila anayezungumzia watoto na vitabu hutukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mimi methali hiyo naiogopa kidogo hapa. Unachoweza kumkunjia mtoto ni kukaa kimya na kitabu mkononi. Kukisoma ni shauri lake.

Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo wanafunzi wa fani hii hufundishwa hadi leo. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Zitazame vizuri: hakuna iliposemwa kila umri na kitabu chake. Umri unaouona nyuma ya jalada ni makisio ya mchapishaji, na humsaidia zaidi muuzaji anayepanga rafu kuliko mtoto anayesoma. Mtoto wa miaka tisa anayependa nyoka hupambana na neno "reptilia" bila kulalamika. Mpe hadithi isiyomhusu, atakwama kwenye "basi".

Kama ni lazima kupima ugumu, kipo kipimo cha vidole. Mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni kigumu kwake kusoma peke yake. Hapo mzazi asikirudishe rafuni. Akibebe, amsomee.

Na hapo kwenye kumsomea pana mtego unaowanasa wasomaji wa Kiswahili kuliko wa lugha nyingi. Maandishi yetu ni mepesi, kwa kuwa neno hutamkwa kama lilivyoandikwa, silabi kwa silabi. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, haipiti muda anaweza kutamka neno lolote unalomwekea mbele, hata asilowahi kulisikia. Anasoma kwa sauti, hakwami, mzazi anatabasamu. Sasa muulize, "Kwa nini sungura alikimbia?" Kimya.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu rahisi. Walisema uelewa wa kusoma ni zao la vitu viwili: kuyafumbua maandishi, na kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Neno la kulishika ni "zao". Ni kuzidisha, si kujumlisha, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Kwa mtoto wetu kile cha kwanza huja upesi mno hadi tunadhani kazi imekwisha. Cha pili hujengwa kwa miaka, kwa mazungumzo, hadithi za mdomo, na kusomewa.

Kwa hiyo msiache kumsomea mtoto siku anapojua kusoma. Wazazi wengi huachia hapo hapo, wakijipongeza. Kumbe kwa miaka kadhaa bado masikio yake yanamtangulia macho: anaweza kufuata hadithi ndefu yenye maneno mapya akiisikia, ilhali akiisoma mwenyewe angechoka ukurasa wa pili. Mnaposoma, simama mahali na umuulize unadhani atafanya nini. Usimsahihishe akikosea. Kukisia vibaya halafu kushangaa ndiyo raha yenyewe.

Tena msifunue kurasa kwa pupa. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na sababu iko kiwandani: karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au ya 16, na 32 hutoka bila karatasi kupotea. Mwandishi na mchoraji wanalijua hilo tangu mwanzo, hivyo huupanga ukurasa wa kulia uishie kwenye kitendawili. Mlango uko wazi nusu. Mkia unachungulia nyuma ya mti. Jibu liko ng'ambo ya karatasi. Mzazi mwenye haraka hufunua huku bado anamalizia neno la mwisho, akaiharibu kazi yote. Subiri, mwachie mtoto afunue yeye. Mara nyingi atakuwa ameona jambo kwenye picha ambalo maneno hayakulisema na wewe hukuliona.

Kuhusu vitabu vya katuni sitasema mengi: ni kusoma. Mtoto anayefuata visanduku, maputo ya maneno na sura za watu kwa pamoja anafanya kazi nyingi kichwani. (Anayesoma manga za Japani huenda kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo watu wazima wengi hutuletea kama malalamiko kwamba kitabu kimechapwa kinyume.) Kusikiliza kitabu kilichosomwa kwa sauti nako tusikudharau, hasa kwa mtoto asiyeona au mwenye disleksia, yaani tatizo la kuyafumbua maandishi. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016, unaruhusu vitabu kutengenezwa kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa namna nyingine inayowafaa wasomaji wa aina hiyo bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki, na kuvushwa kutoka nchi hadi nchi kati ya zilizoukubali. Mzazi wa mtoto kama huyo aulize maktabani. Asiposikia jibu la kueleweka, aulize tena.

Kuna kosa nililolifanya mwenyewe. Nilibandika ukutani chati ya majina, na kila kitabu kilichorudishwa kilipata nyota. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu nikagundua kwamba rafu ya vitabu vyembamba imebaki tupu na ile ya riwaya haijaguswa. Mvulana mmoja alirudisha vitabu vinane ndani ya saa moja, akasimama mbele ya chati akisubiri nyota zake. Nilizibandika, maana ahadi ni deni, kisha mwezi ulipoisha nikaibandua chati. Ukitaka kumzawadia msomaji, mpe kitabu, au mwongezee nusu saa kabla ya kuzima taa.

Mwaka huohuo wa 1986, Keith Stanovich aliandika makala maarufu kuhusu pengo linalopanuka kati ya wasomaji wazuri na wanaosuasua. Aliliita athari ya Mathayo, kwa lile neno la Injili kwamba mwenye nacho ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Anayesoma kwa urahisi husoma sana, akapata maneno mengi, akazidi kusoma kwa urahisi. Anayepata shida hukwepa kitabu, akapitwa na maneno, na mwaka unaofuata kitabu kinakuwa kigumu zaidi. Ndiyo maana nang'ang'ania suala la kuchagua. Kwa mtoto aliye upande wa pili wa pengo hilo, kitabu cha nyoka alichokililia mwenyewe huenda ndicho pekee atakachokimaliza muhula huu.

Nasi wakutubi tuna la kujibu. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, iliyotolewa kwanza mwaka 1949 na kupitiwa upya mara ya mwisho 2022, inataka maktaba ijenge mazoea ya kusoma kwa watoto tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Lakini maktaba ngapi zinampokea mtoto kwa ubao wa makatazo mlangoni? Katika maktaba moja niliyowahi kufanya kazi, msichana aliacha kuja kwa karibu mwaka mzima. Kitabu alichoazima kilinyeshewa, akakificha uvunguni mwa kitanda, akaogopa faini na akaogopa zaidi kuwaambia wazazi. Kwa kitabu kimoja kilicholowa tulipoteza msomaji wa kila wiki. Mwaka 2019 chama cha maktaba cha Marekani kilitamka wazi kwamba faini za kuchelewesha vitabu huwaumiza wasio nacho, na mwaka huohuo maktaba za jiji la Chicago zikazifuta. Vitabu vilivyokuwa vimefichwa majumbani vikaanza kurudi, pamoja na watu wake. Nijuavyo mimi, kitabu cha watoto kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na bajeti ya maktaba ihesabu hivyo.

Vijana wa miaka 12 hadi 18 ndio tunaowapoteza zaidi, na wakati mwingine sababu ni kibao tu. Riwaya zao huwekwa chini ya maandishi makubwa yasemayo WATOTO, jirani na viti vinavyomfika mtu gotini. Kijana wa miaka 14 hatasimama hapo, rafiki zake wasije wakamwona. Hamisha rafu hiyo mita chache, iwe kwenye kona yake, geuza vitabu vionyeshe majalada badala ya migongo, waulize vijana wenyewe kipi kinunuliwe, na utaona sura ambazo ulidhani zimehama mji.

Kisha huja hofu ya wazazi: riwaya za vijana zina mapenzi, vifo, ulevi, ugomvi wa wazazi. Ndiyo, zinavyo, kwa sababu maisha ya kijana yanavyo. Mtafiti wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni madirisha ya kuwaonea wengine na ni vioo vya kujiona. Kijana asiyejiona kwenye kitabu chochote hukata shauri kwamba vitabu ni vya watu wengine. Ukikitilia shaka kitabu, kisome wewe kwanza, kisha kizungumzeni. Kumpokonya kijana kitabu ni kumhakikishia kwamba kuna jambo tamu ndani, na atalitafuta pasipo na wa kuzungumza naye.

Madirisha hayo yana historia inayonigusa. Mwaka 1946 Jella Lepman, mwandishi wa habari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani na kurudi baada ya vita, aliziandikia nchi mbalimbali akiomba vitabu vya watoto. Baadhi yake zilikuwa zimetoka kupigana na Ujerumani mwaka uliotangulia. Vitabu vilikuja, vikawa maonyesho mjini Munich, na mwaka 1949 vikawa maktaba ya kimataifa ya vijana ambayo ipo hadi leo. Kwa asiye na maktaba karibu, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za picha za bure katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Zinafaa hata kwenye simu, ingawa kwenye simu hakuna ukurasa wa kufunua.

Mmoja wa watoto wa kile kitabu cha nyoka alikuwa mteja wangu kwa miaka. Alizoea kitabu kile hadi akaikariri namba ya mgongoni, 597.96, ambayo katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada ndiyo ya nyoka, akawa anakwenda mwenyewe rafuni bila kuniuliza. Siku moja alikuja kaunta na kikaratasi kilichoandikwa 615.9. Hiyo ni namba ya sumu. Alikuwa amesoma kwamba dawa ya kuumwa na nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga kutoka kwenye damu yake, naye alitaka kujua kwa nini farasi hafi. Rafu hiyo ilikuwa upande wa watu wazima, na kadi ya mtoto haikuruhusiwa huko. Nikamwazimia kwa kadi yangu.

Kilirudi kimechelewa siku nne. Nilipokisimamisha kwenye kaunta kwa mgongo, kilifunguka kwenye picha ya farasi.