Ufafanuzi: Tapeti zikilia, usikimbilie kuzikaza

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu ya madereva wa pikipiki: "Tapeti zikilia tiki-tiki, injini inakufa. Zikaze mpaka zinyamaze." Si kweli. Tapeti ni skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, yaani vifuniko vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi kwenye injini.

Chukua Honda CG125, injini ya mwaka 1976 ambayo muundo wake umeigwa na pikipiki nyingi za bodaboda. Kati ya kila valvu na roka, mkono mdogo unaoisukuma, inatakiwa iachwe nafasi ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto hutanuka. Ukiiondoa nafasi hiyo, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, na valvu ya ekzosi, isiyopata pa kupozea joto lake, huungua.

Kuhakikisha ni rahisi. Iache pikipiki ilale usiku kucha. Asubuhi zungusha injini hadi alama ya T iliyo kwenye gurudumu la magneti ikae mkabala na alama ya kwenye kava, pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kugandamiza. Hapo roka zote mbili huchezacheza kidogo. Kisha pitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia, kwenye nafasi hiyo: ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Kipimo cha modeli yako kimo kwenye kitabu chake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu nafasi ikizidi, kelele huongezeka kweli. Na aliyekaza kupita kiasi husifiwa siku ileile, maana injini imetulia. Madhara huja baadaye, fundi keshasahaulika.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.