Kibao cha shingoni hakifundishi Kiingereza

Malalamiko yanayotufikia wathibiti ubora wa shule ni ya aina mbili. Wapo wazazi wanaosema shule "haina Kiingereza" kwa kuwa mtoto wa kidato cha kwanza bado anachapia. Wapo na wenye watoto waliovishwa kibao shingoni na kuchapwa kwa kusema Kiswahili. Mara nyingine mlalamikaji ni yuleyule.

Tuanze na viboko. Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Jina la mwanafunzi, kosa na idadi ya viboko huandikwa daftarini, na mkuu wa shule hutia saini. Kwa maoni yetu, kusema "nipe maji" uwanjani si utovu mkubwa wa nidhamu.

Sasa darasani. Mtoto anayesema "my mother he is sick" si mzembe: Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mama na baba. Anayesema "I hear a bad smell" kasikia harufu, kama sisi sote. Tangu mwanaisimu Corder aandike kuhusu makosa ya wanaojifunza lugha, mwaka 1967, makosa kama haya huchukuliwa kuwa ushahidi wa mahali mwanafunzi alipofika. Mwalimu amrudishie tu sentensi sahihi, "Oh, she is sick?", na mazungumzo yaendelee. Krashen, mtaalamu mwingine wa ujifunzaji lugha, alieleza kuwa hofu huzuia lugha isiingie. Ukimtisha mtoto atanyamaza, na kunyamaza si kujua Kiingereza!

Lakini kusikiliza pekee hakutoshi. Mtafiti Swain aliwachunguza watoto wa Kanada wasemao Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa: walielewa vizuri, ila sarufi yao ilibaki nyuma kwa sababu walizungumza kidogo. Darasa la wanafunzi 80 likigawanywa wawili wawili, 40 huzungumza kwa wakati mmoja. Ndiyo, kutakuwa na kelele. Maelekezo ya zoezi yakitolewa kwa Kiswahili, hatutamwandikia mwalimu kosa.

Malalamiko ya viboko yaanzie kwa mkuu wa shule, kisha kwa afisa elimu kata, ndipo yaje kwetu, kwa maandishi, si kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mtoto aliyeumia apelekwe hospitali kwanza. PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, na barua vifuate.