Mrushaji huru: hofia miaka, si mshahara

Katika MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mchezaji huwa huru kusaini na klabu yoyote akitimiza miaka 6 ya huduma, na mwaka mmoja wa huduma ni siku 172 kwenye kikosi cha kwanza. Mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, aliyepandishwa akiwa na miaka 24 huingia sokoni ana 30 au 31. Klabu iliyomlea imeshakula nyama. Wewe klabu unayemnunua unaitwa kwenye mifupa, kwa bei ya nyama.

Hata hivyo nasema umsajili. Msimu una mechi 162, na warushaji watano hupokezana zamu ya kuanza, kila mmoja mara 32 hivi. Asiyeumia hukupa iningi (vipindi vya mchezo) 170 au zaidi kati ya takriban 1,450 za msimu mzima. Tatizo ni kwamba watano wa kwenye karatasi karibu hawamalizi msimu pamoja. Klabu nyingi huishia kuanzisha watu 10 au zaidi, na huyo wa tisa ndiye anayekupotezea mechi za Septemba, mwisho wa msimu.

Sasa hesabu. Wachambuzi humpima mchezaji kwa ushindi anaouongeza akilinganishwa na mbadala wa bei ya chini ambaye klabu yoyote inaweza kumpata. Tukadirie ushindi mmoja sokoni ni dola milioni 9. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukishapita miaka 30 unapoteza nusu ushindi kila msimu. Chukua mrushaji wa miaka 31 anayeleta ushindi 4 na kudai milioni 30 kwa mwaka. Miaka mitatu ya kwanza analeta 4, 3.5 na 3: jumla 10.5, thamani milioni 94.5, nawe umelipa 90. Umefaidi. Ongeza mwaka wa nne, thamani inakuwa 117 kwa malipo ya 120. Fika wa sita: ushindi 16.5, thamani milioni 148.5, malipo 180. Mshahara wa mwaka haukubadilika hata senti. Miaka ndiyo iliyokutafuna. Bei ya ushindi hupanda mwaka hadi mwaka, sawa, lakini hata ukiipandisha asilimia 5 pengo haliishi. Na hapo tumedhania hataumia.

Kwa nini basi klabu zilizojaa wataalamu wa hesabu hutoa miaka sita na saba? Ushindani ni sababu moja. Nyingine ni kodi. MLB haina kikomo cha mishahara, ila ina kodi kwa anayevuka kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Ukivuka mara ya kwanza unalipa asilimia 20 ya kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50, na anayevuka kwa mbali huongezewa. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka, si fedha zilizotoka msimu huo. Milioni 150 kwa miaka 5 ni 30 kila mwaka. Zilezile kwa miaka 6 ni 25. Kwa klabu iliyo kwenye asilimia 50, hizo 5 zilizopungua zinaokoa milioni 2.5 za kodi kila msimu katika mitano ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa sita mara nyingi haumaanishi klabu inaamini atarusha vizuri akiwa na 36. Ni namna ya kugawa deni, basi soma jumla ya mkataba kwanza.

Klabu ya Washington Nationals imeonja pande zote mbili. Januari 2015 walimpa mrushaji Max Scherzer miaka 7 kwa milioni 210, malipo ya nusu yake yakisogezwa mbele hadi 2028. Akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, 2016 na 2017, na ubingwa ukaja 2019. Desemba 2019 wakampa mrushaji mwingine, Stephen Strasburg, miaka 7 kwa milioni 245, akaanza mechi 8 tu kisha mwili ukagoma. Kuna watakaosema ni bahati. Mimi naangalia rekodi: Scherzer alikuwa ameanza mechi 30 au zaidi kila msimu tangu 2009, Strasburg alishapasuliwa kiwiko 2010 na hakuacha kuingia na kutoka kwenye orodha ya majeruhi.

Ndiyo maana kusaini bila kipimo cha MRI cha kiwiko na bega ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ligamenti ya ndani ya kiwiko ikikatika, upasuaji wa Tommy John, aliouanzisha Dk. Frank Jobe mwaka 1974, humweka mtu nje miezi 12 hadi 18. Baada ya picha, tazama kasi ya mpira mwezi kwa mwezi, maana inayoshuka kuanzia Julai ni ishara mbaya. Linganisha pia wapigaji anaowatoa kwa straiki, yaani walioshindwa kuupiga mpira, na anaowapa besi ya bure kwa kurusha vibaya. Idadi ya mechi alizoshinda iache. Hiyo hutegemea sana wenzake.

Klabu ya Texas Rangers ndiyo mfano ninaoupenda. Desemba 2022 walimsajili mrushaji Jacob deGrom kwa miaka 5, milioni 185. Akaanza mechi 6 mwaka 2023, akapasuliwa kiwiko. Mwezi uleule walimsajili mrushaji Nathan Eovaldi kwa miaka 2, milioni 34. Eovaldi akashinda mechi 5 za mtoano bila kupoteza, na Rangers wakawa mabingwa. Mkataba mfupi wa daraja la pili, juu ya huo mkubwa, ndio uliowaokoa.

Ila usingoje bei ishuke hadi Machi. Mrushaji anahitaji takriban wiki sita kujenga mkono. Mwaka 2024 warushaji Blake Snell na Jordan Montgomery walisaini msimu ukikaribia kabisa kuanza: Snell alianza vibaya mno kabla ya kupata makali yake nusu ya pili, na Montgomery hakuyapata mwaka mzima.