Video ya bidhaa ni nini? Kumfunulia leso mteja aliye mbali

Ukiingia Mtaa wa Biashara, Mombasa, mapema kabla jua halijakolea, utawakuta wauza leso, yaani kanga, wakifanya kazi yao kwa maneno machache. Mteja hunyosha kidole, leso huteremshwa, hushikwa ncha mbili na kufunuliwa kwa mkupuo mmoja juu ya kaunta: pindo, mji, na jina lake, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake. Mteja huisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Huisogeza mlangoni penye mwanga. Husoma jina, maana leso ni barua, na hakuna anayetaka kumpelekea mama mkwe matusi bila kujua. Kisha huuliza, "Ami, hii yachuja?" Ami hujibu, bei huvutwa huku na huku, basi.

Video ya bidhaa ni hiyo dakika moja ya kaunta ikihamishiwa kwenye duka la mtandaoni. Kwa maana kamili, ni klipu fupi inayokaa kwenye ukurasa wa bidhaa yenyewe, pamoja na picha, bei na kitufe cha kutia kapuni, ili mtu asiyeweza kuishika bidhaa aone angalau sehemu ya yale ambayo mkono wake ungemwambia.

Katika maana hiyo, "ukurasa wa bidhaa" ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Video unayoitupia kwenye Status ya WhatsApp si video ya bidhaa kwa maana hii, hata kama bidhaa ndiyo hiyo hiyo. Status hufa baada ya saa 24, na huonwa na watu ambao tayari wana namba yako. Video ya bidhaa hukaa pale pale bidhaa ilipo, na hutazamwa na mtu aliyekwisha kuvutiwa, ambaye sasa anataka sababu ya kulipa au sababu ya kuondoka. Mtu huyo hahitaji kuitwa dukani. Ameshaingia, amesimama mbele ya kaunta, na anangoja umfunulie mzigo.

Ndipo ilipo tofauti ya video ya bidhaa na tangazo, na nadhani ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Kuna dada mmoja anayeuza madera ambaye nilimsaidia kupanga duka lake la mtandaoni. Video yake ya kwanza ilikuwa nzuri kweli: upepo wa bahari pale Mama Ngina, taarabu ikilia, yeye mwenyewe akitembea taratibu, maandishi ya dhahabu yakimeremeta juu. Watu waliipenda. Lakini simu yake haikupoa kwa maswali. "Dadangu, dera hilo laonyesha?" "Lina mifuko?" "Mtu mrefu litamfika wapi?" Alikuwa na tangazo zuri, na video ya bidhaa hakuwa nayo. Tulirekodi nyingine ya sekunde 20. Alitia kiganja chake ndani ya kitambaa, akakielekeza dirishani, ukaona kama vidole vinapenya au la. Akatia mkono mfukoni. Akalivaa, akasimama karibu na mlango ambao urefu wake unajulikana, akageuka mara moja. Haikuwa na urembo wowote, na lile swali la "laonyesha?" likakoma kuulizwa kwa bidhaa hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kujua urekodi nini, usianze na kamera. Fungua mazungumzo yako ya WhatsApp na wateja, usome wanachouliza zaidi kuhusu kitu hicho. Swali hilo ndilo video. Kwa viatu, mteja anataka kuona soli ikikunjwa. Kwa sufuria, anataka kuona kitako, uzito wake kinapowekwa juu ya meza, na kifuniko kinavyokaa. Mkeka unataka kukunjuliwa wote, kisha mtu akae juu yake ndipo ukubwa ueleweke. Halwa ivutwe kwa kijiko. Mkoba ufunguliwe zipu, tena mara mbili, kwa sababu zipu ndiyo inayowatia watu wasiwasi. Ukubwa ndio unaodanganya kuliko yote kwenye picha, na dawa yake ni kuweka karibu na bidhaa kitu ambacho kila mtu anakijua kipimo chake: kiganja, kikombe cha chai, sarafu ya shilingi 20.

Zipo bidhaa ambazo video haizisaidii sana, na ni afadhali kukiri. Udi na mafuta mazuri ni mfano. Unaweza kuuonyesha moshi ukipanda kutoka chetezoni mchana kutwa, mtu aliye Kisumu hatasikia harufu. Hapo maneno yaliyoandikwa vizuri hufanya kazi kuliko klipu, na chupa ndogo ya kujaribia hufanya kazi kuliko vyote viwili.

Sasa rangi, ambayo kwa sisi wa nguo ni jambo la kufa na kupona. Nilishawahi kuuza leso ya buluu iliyoonekana zambarau kwenye video, kwa sababu niliirekodi ndani ya duka chini ya taa. Mteja alikuwa Nakuru. Leso ilikwenda kwa basi, ikarudi kwa basi, na nauli zote mbili zikanitoka mimi. Taa za dukani zina rangi yake, na kamera ya simu hujaribu kuisawazisha kwa kubahatisha. Jua la Mombasa la saa sita nalo halifai, limesimama utosini, linachoma weupe wote na kuacha vivuli vyeusi kwenye mikunjo. Mwanga mzuri ni ule wa kivulini penye uwazi: barazani, au hatua moja ndani ya mlango, asubuhi au alasiri. Weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa mwanzoni. Ikionekana ya manjano kwenye kioo cha simu, basi na leso yako nayo inadanganya. Simu nyingi hukuruhusu kubonyeza na kushikilia kidole juu ya kioo ili mwanga na fokasi visibadilikebadilike katikati ya kurekodi. Fanya hivyo. Kitambaa kinachogeuka rangi mbele ya macho ya mteja humfukuza upesi kuliko bei.

Urefu? Sekunde 15 hadi 30 zatosha kwa vitu vingi. Kifaa cha kuunganishwa, kama rafu au feni, chaweza kudai dakika nzima. Kilicho muhimu kionekane mwanzoni kabisa, maana anayetazama anaweza kuwa amesimama ndani ya feri ya Likoni, mkono mmoja umeshika mtoto, na kidole gumba kiko tayari kupita.

Jambo la sauti huwashangaza watu. Wengi huzungumza ndani ya video, waeleze kitambaa, wataje bei, kisha wakiiweka dukani wanakuta iko bubu. Si hitilafu. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome, kwa kawaida, huzuia video kujianzisha yenyewe ikiwa na sauti, na iPhone tangu iOS 10 ya 2016 huruhusu video kujicheza ndani ya ukurasa mradi iwe kimya. Mteja akitaka sauti lazima abonyeze mwenyewe, na wengi hawabonyezi. Basi ijenge video yako ieleweke bila neno: kilicho lazima kisemwe, kiandike kwa herufi kubwa juu ya picha, kwa mfano "Pamba tupu" au "Mifuko miwili". Pia unajiepusha na honi za tuktuk, na ukirekodi mitaa yetu utajua nasemea nini.

Kuna faida nyingine ya ukimya. Wimbo unaoupenda una mwenyewe, na kuusikia kila siku kwenye matatu hakukupi ruhusa ya kuuzia mali. Hakimiliki inalindwa nchini Kenya kwa sheria ya 2001. Uso wa mtu nao si mapambo: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Ukimvalisha binti wa jirani dera lako ukamrekodi, muombe ruhusa waziwazi, na akiwa mtoto muombe mzazi. Ukirekodi mikono tu, umemaliza hayo yote.

Tuje kwenye uzito wa faili, sehemu ambayo maduka mengi huanguka bila mwenye duka kujua. iPhone yenyewe hukuandikia kwenye mipangilio kwamba dakika moja ya video ya 1080p (ubora wa HD kamili) yenye fremu 30 kwa sekunde hula takriban MB 60 ukitumia mfumo wake mpya wa kubana, na takriban 130 ukitumia ule wa zamani unaofunguka karibu kila mahali. Chukua nusu dakika ya ule wa zamani: ni kama MB 65. Hebu mfikirie mtu wa Kisauni aliyenunua bando dogo la siku, anafungua ukurasa wako kutazama leso moja, na wewe unammwagia MB 65. Ukurasa utasota, na yeye ataondoka akidhani duka lako limekufa.

Hesabu ya kupunguza si ngumu. Uzito wa video ni kasi ya data yake (megabiti kwa sekunde) mara sekunde zake, ugawe kwa 8, maana megabiti 8 ni MB moja. Video ya megabiti 2 kwa sekunde, ya sekunde 30, ni megabiti 60, yaani MB 7.5. Kwa kitambaa kilichoshikwa na mikono miwili, kiwango hicho chatosha kwenye kioo cha simu. Ibane kwa programu ya kuhariri, uitoe kama MP4 yenye kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, ndiyo inayokubalika na simu za zamani na mpya. Ondoa kabisa mkondo wa sauti kama huna haja nao. Wala usichukue klipu iliyokwisha kusambazwa WhatsApp ukaipandisha dukani. Imekamuliwa, na unapoibana tena leso inabaki ukungu. Anza na faili asili iliyo kwenye simu iliyorekodi. Umbo nalo lifuate picha zako: duka lenye picha za mraba linataka video ya mraba, la sivyo utapata mapande meusi juu na chini.

Kisha weka picha ya jalada, ile inayoonekana kabla video haijaanza. Ukiiacha duka lijichagulie, litachagua fremu ambayo umefumba macho au mkono umeziba bidhaa. Na kama mfumo wako unaruhusu, ipange video isianze kupakuliwa mpaka mteja aifikie au aibonyeze. Mwenye bando dogo atakushukuru kimyakimya.

Faili ikae wapi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuipakia ndani ya duka lenyewe. Shopify, mfumo wa kuendeshea duka la mtandaoni, hupokea video moja kwa moja pamoja na picha za bidhaa. Kwa WooCommerce, mfumo wa duka wa tovuti za WordPress, ambao galeria yake ilijengwa kwa ajili ya picha, wengi huitia video kwenye maelezo ya bidhaa, au huongeza kijalizo (programu ndogo ya nyongeza) kinachoiingiza kwenye galeria. Njia ya pili ni kuiweka YouTube kisha kuipachika kwenye ukurasa wako. Hii haina gharama ya nafasi, na YouTube hupunguza ubora yenyewe mtandao unapokuwa dhaifu, jambo la maana sana kwetu. Ila ina mlango wa nyuma: video ikiisha huonyesha mapendekezo ya video nyingine. Tangu 2018 unaweza kuyabana yatoke kwenye chaneli yako tu, lakini huwezi kuyafuta kabisa, na mteja akibonyeza nembo ya YouTube ameshatoka dukani kwako, tena amekwenda kwenye soko lenye kelele kushinda Kongowea siku ya mzigo. Mimi huchagua kupakia ndani kwa klipu za sekunde 20, na YouTube kwa zile ndefu za kuonyesha namna ya kufunga au kutumia.

Na kipo kitu ambacho picha hukisamehe ila video haikisamehe: kutofautiana na mzigo. Mtu aliyeona picha husema labda ni kamera. Aliyeona kitambaa kikitikiswa mbele yake ameahidiwa kitambaa hicho, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haimpendelei muuzaji anayeonyesha hiki akatuma kile. Leso hugeuka. Muundo ule ule ukichapishwa tena waweza kuja mwepesi zaidi, au wekundu wake ukawa umeiva kupita ule wa kwanza. Kwa hiyo nimezoea kuipa kila video jina lenye namba ya mzigo na tarehe, na jozi ya mwisho ikiuzwa, video hutoka ukurasani siku hiyo hiyo. Mzigo mpya ukishushwa, kabla ya kubandika bei, leso moja hufunuliwa pale mlangoni, karatasi nyeupe ikiwa kando yake, na tunarekodi upya.